Uzi: Uzito ukipanda au kushuka baada ya upasuaji wa kifua, nini hubadilika na nini hakibadiliki

Mleta uzi

Salaam wanajamvi. Kila panapozungumzwa upasuaji wa kifua kwa wanaume waliobadili jinsia, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na mara nyingi huulizwa na mtu mwenye hofu: nikinenepa, matiti yatarudi? Wanaosubiri zamu yao nao wana la kwao: nipunguze uzito kwanza ndipo nifanyiwe, au nifanyiwe kwanza ndipo nipungue? Majibu yanayotolewa huwa ya haraka mno, ama ya kutisha ama ya kubembeleza, na nimeona watu wakiishi na majibu hayo kwa miaka, wakihesabu kila tonge kwa kuogopa kuharibu kile walichokipigania. Mimi nimepita katika upasuaji huu, na baada yake nimenenepa na nimepungua, kwa hiyo naomba nilieleze jambo hili kwa utaratibu.

Nianze na msimamo wangu, kisha nitautetea. Uzito haurudishi kilichoondolewa. Unachobadilisha ni mafuta yaliyoachwa na ngozi iliyoyafunika, na mabadiliko hayo yana mipaka yake.

Titi, tukiacha ngozi, lina vitu viwili vikubwa, yaani tezi na mafuta. Tezi ni ngumu kidogo na huteleza chini ya vidole unapoibonyeza, ilhali mafuta ni laini na hushikika kwa urahisi kati ya kidole gumba na cha shahada. Daktari huondoa karibu tezi yote, lakini huacha kwa makusudi tabaka jembamba la mafuta chini ya ngozi, kwa sababu kifua cha mwanamume yeyote kina mafuta yake, na ngozi ikikwanguliwa hadi kwenye misuli hugandamana nayo, kifua kikabonyea na makovu yakavutwa ndani. Hapo ndipo upasuaji huu unapotofautiana na ule wa saratani, ambao lengo lake ni kuondoa tezi kwa ukamilifu kadiri inavyowezekana.

Tabaka hilo lililoachwa ndilo linaloitikia uzito. Idadi ya seli za mafuta mwilini mwa mtu mzima haibadiliki sana: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba takribani asilimia 10 ya seli hizo hufa na kuzaliwa upya kila mwaka huku jumla yake ikibaki karibu ileile, hata kwa watu waliopungua sana. Kwa hiyo mtu akinenepa, kinachotokea zaidi ni seli zilizopo kujaa na kutanuka. Pale zilipobaki chache kutakuwa na nafasi ndogo ya kutanuka, na pale zilipobaki nyingi kutajaa zaidi. Mbele ya kifua, ambako daktari amepita, zimebaki chache. Pembeni, chini ya kwapa na kuelekea mgongoni, ambako mara nyingi hakufika au alipita kidogo tu, zimebaki nyingi. Ndiyo maana mtu aliyenenepa baada ya upasuaji huona unene wake ukijitokeza ubavuni kabla ya mahali pengine popote kifuani.

Wanaotumia testosteroni, yaani homoni ya kiume, wana jambo la ziada. Homoni hii huhamisha mahali ambapo mwili hupenda kuweka akiba yake: nyonga na mapaja hupungua sehemu yao, na tumbo huongezewa. Mabadiliko hayo huanza kuonekana ndani ya miezi sita ya mwanzo na huendelea kwa miaka 2 hadi 5. Pia misuli huongezeka na njaa hupanda. Mtu aliyefanyiwa upasuaji mapema katika safari yake ya homoni, kwa hiyo, hawezi kuulaumu upasuaji kwa kila badiliko analoliona kwenye kioo, kwani mwili wake ulikuwa bado unajipanga upya siku alipolala kwenye kitanda cha upasuaji.

Kuna jingine ambalo wengi hawaambiwi. Kifua kikishakuwa bapa, tumbo huonekana kubwa kuliko lilivyokuwa, hata kama halijaongezeka hata kidogo, kwa sababu kilichokuwa kimesimama mbele yake hakipo tena. Nimesoma ujumbe wa vijana walioanza kujinyima chakula katika mwezi wa kwanza, wakati mwili unahitaji chakula kuliko wakati wowote, eti kwa kuwa tumbo limetokeza. Tafadhali, anayepitia hali hiyo apime kiuno chake kwa utepe kabla ya kuamini macho yake. Mizani nayo hudanganya kwa pande zote mbili wakati huo: tishu iliyoondolewa ina uzito wake, na kwa matiti makubwa inaweza kuzidi kilo moja kila upande, huku maji ya mishipani, uvimbe na choo kigumu kinachosababishwa na dawa za maumivu vikiongeza uzito usiokuwa wa mafuta.

Sasa nije kwenye kupungua, ambako naona kuna mengi zaidi ya kusema, kwa sababu watu wengi hudhani kupungua ni salama daima na kunenepa ndiko kubaya.

Siku ya upasuaji, kabla ya dawa ya usingizi, daktari humsimamisha mgonjwa na kumchora kifua kwa kalamu. Humsimamisha kwa sababu akilala mafuta hutiririkia pembeni na mistari yote hupotoka. Mistari ile hufuata mwili wa siku ile: ukingo wa chini wa msuli wa kifua, upana wa ubavu, wingi wa ngozi itakayobaki. Ni kama fundi cherehani anayekata kitambaa kwa vipimo vya mteja aliyesimama mbele yake. Mteja akikonda sana baadaye, nguo inapwaya, na fundi hakukosea popote.

Mtu akipungua kilo chache baada ya upasuaji, kwa kawaida kifua hunufaika, kwani tabaka la mafuta hupungua na umbo la msuli huonekana vizuri zaidi. Akipungua sana, tabaka hupungua lakini ngozi haina hakika ya kulifuata. Nyuzi za ngozi zinazoiwezesha kuvutika na kurudi hazitengenezwi upya kwa wingi utu uzimani, na umri, urithi na uvutaji wa sigara huamua kiasi gani zimesalia. Kinachoonekana basi ni ngozi ya juu kulegea na kuegemea kovu, na pale kovu lilipojishikiza kwenye tishu za ndani, lenyewe halishuki bali ngozi hujikunja juu yake. Chuchu nazo husogea pamoja na ngozi iliyozibeba.

Aina ya upasuaji ina uzito katika hesabu hii. Walio na matiti madogo hufanyiwa mkato mdogo pembezoni mwa duara la chuchu, na ngozi yao huachwa yote au karibu yote ijikaze yenyewe. Hao ndio ninaowaona wakihitaji uangalifu zaidi wakinenepa na kupungua kwa kupokezana, kwa sababu hakuna ngozi ya ziada iliyokatwa na kila kutanuka kunaiongeza. Waliofanyiwa mikato miwili mirefu chini ya kifua, chuchu zikapandikizwa upya, wameshapunguziwa ngozi, kwa hiyo mbele hawapati shida sana. Shida yao huwa kwenye ncha za kovu, ambako ngozi hukusanyika na kufanya vikunjo.

Mchangiaji wa kwanza

Asante kwa uzi huu, kaka. Umenigusa hapo kwenye ncha za kovu. Baada ya upasuaji nilinenepa kwa kasi, na nitakuwa mkweli kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kula bila kuwaza jinsi fulana itakavyonikaa. Sasa nina kikunjo kila upande chini ya kwapa, na nikikaa kinaonekana hata nikiwa nimevaa shati. Je, hili ni titi lililoachwa, ni mafuta, au ni ngozi? Na nikipungua litaondoka?

Mleta uzi

Ndugu yangu, kwanza nifurahi pamoja nawe kwamba unakula. Wengi wetu tuliufanya mwili mwembamba kuwa maficho kabla ya upasuaji, na wengine tuliufanya mnene kwa sababu ileile, ili matiti yasijitofautishe. Kizuizi hicho kikiondoka, mwili hutafuta uzito wake wenyewe, na huo si uzembe.

Kuhusu kikunjo, simama mbele ya kioo mikono ikiwa imelegea, ukitazame, kisha inua mikono taratibu hadi usawa wa mabega. Kikinyooka chote na kubaki bapa, kwa kiasi kikubwa ni mafuta ya ubavuni pamoja na ngozi inayojikunja mkono unaposhuka, na watu wengi ambao hawajawahi kufanyiwa upasuaji wowote wanacho hicho hicho. Kikibaki kimechomoza kama kinundu mwishoni kabisa mwa kovu hata mkono ukiwa juu, hiyo ni ngozi iliyozidi pale mkato ulipoishia. Aina ya kwanza huitikia kupungua uzito. Ya pili haiitikii sana, na wakati mwingine kupungua huifanya ionekane zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yameijaza yametoka.

Dawa ya aina ya pili ni marekebisho madogo, ambayo mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mahali pale tu, daktari akiurefusha mkato kidogo kuelekea nyuma na kuitoa ile ngozi. Usikimbilie, hata hivyo. Uvimbe wa upasuaji huchukua miezi kuisha, umbo la kweli huanza kusomeka baada ya miezi sita hivi, na madaktari wengi hupendelea kusubiri hadi mwaka ndipo warekebishe. Kama una nia ya kupungua, pungua kwanza, ukae kwenye uzito huo kwa miezi kadhaa, ndipo uende. Anayerekebishwa akiwa bado anapungua atakuwa amerekebishwa kwa mwili atakaouacha.

Kovu lenyewe nalo linataka subira. Jeraha lililopona halirudii nguvu kamili ya ngozi ya awali; hufika takribani asilimia 80, na hata hapo hufika baada ya miezi kadhaa. Katika kipindi hicho lolote linalolivuta, liwe unene wa ghafla, uvimbe au kunyanyua vitu vizito mapema, huweza kulipanua. Kovu likishakomaa, baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, uzito hauna uwezo mkubwa tena juu ya upana wake.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi bado sijafanyiwa. Daktari amenikataa hadi kipimo changu cha uwiano wa uzito na urefu kishuke chini ya 35. Nimekuwa nikijaribu, napungua kidogo, narudi. Kila nikikwama najiona kama nimefungiwa mlango na mwili wangu mwenyewe. Kuna anayesema nitumie sindano za kupunguza uzito. Je, matokeo yangu yatakuwa mabaya kweli nikifanyiwa nilivyo?

Mleta uzi

Pole sana, na nasema pole kwa moyo wote, kwa sababu kungojeshwa ni mzigo ambao asiyeubeba haujui.

Kipimo hicho kina historia inayofaa kujulikana. Hesabu ya kugawa uzito kwa mraba wa urefu iliasisiwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanatakwimu na mwanafalaki, akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja. Jina linalotumika sasa lilipewa umaarufu na Ancel Keys mwaka 1972. Hakikubuniwa kuamua ni nani apasuliwe, na hakijui mafuta yako yamekaa wapi wala una misuli kiasi gani.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Uzito mkubwa huongeza uwezekano wa mshono kufunguka kidogo, majimaji kukusanyika chini ya ngozi, maambukizi, na vikunjo vya pembeni vinavyohitaji marekebisho. Mengi kati ya hayo ni matatizo madogo yanayotibika bila kulazwa. Usingizi wa upasuaji nao huhitaji maandalizi zaidi, hasa kwa mwenye tatizo la kukata pumzi usingizini. Ndiyo maana madaktari hawana kikomo kimoja: wapo wanaosimama kwenye 35, wapo wanaokwenda hadi 40 na zaidi, na wapo wanaomwangalia mtu mzima, yaani sukari yake, shinikizo lake la damu, sigara na mapafu, kabla ya kuiangalia namba. Kwa maoni yangu una haki ya kutafuta daktari mwingine na kumuuliza waziwazi amewapasua watu wangapi wenye umbo kama lako, na akuonyeshe picha zao. Jibu la swali hilo litakufaa kuliko kilo tano zilizoondoka na kurudi.

Nasisitiza kuondoka na kurudi, kwa sababu ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko unene wenyewe. Mtu aliyejikondesha kwa nguvu ili afikie namba, akapasuliwa akiwa katika kilele cha njaa, kisha mwili ukarudisha kila kitu ndani ya miezi michache huku makovu yakiwa bado mabichi, amepata hasara mara mbili. Alikuwa na upungufu wa protini wakati jeraha lilipohitaji protini, na ngozi yake ikavutwa wakati ilipohitaji kutulia. Uzito uliotulia kwa miezi mitatu hadi sita, hata kama ni mkubwa, una faida kuliko uzito mdogo wa kukopa.

Kuhusu sindano, zile za kundi la semaglutidi huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Mtu anaweza kufunga kula kama alivyoagizwa na bado akaingia chumba cha upasuaji akiwa na chakula tumboni, na kikipanda kooni akiwa usingizini kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo ukizitumia, daktari wa usingizi lazima ajue dawa gani, dozi gani, na lini ulichoma mara ya mwisho, naye ndiye atakayesema usitishe au uendelee. Hupunguza misuli pia pamoja na mafuta, hivyo ukizitumia kula protini ya kutosha na ufanye mazoezi ya nguvu. Na usikubali kupasuliwa katikati ya kushuka kwa kasi. Subiri mteremko ukae sawa.

Mchangiaji wa tatu

Naomba na sisi wanawake tuliobadili jinsia tukumbukwe, kaka. Upasuaji wa kifua kwetu ni wa kuongeza, na mimi niliwekewa mafuta yaliyovutwa tumboni mwangu mwenyewe. Rafiki yangu ana vifuko vya silikoni. Yeye aliambiwa asipungue, mimi niliambiwa nisibadilike kabisa. Tofauti ni nini?

Mleta uzi

Dada, umefanya vyema kutukumbusha.

Vifuko vya silikoni havijui uzito wako. Ukubwa wake ni uleule. Kinachobadilika ni kile kilicho juu yake, yaani ngozi, mafuta na tezi iliyokuzwa na estrojeni, homoni ya kike. Rafiki yako akipungua sana, kifuniko hicho kinakuwa chembamba, na kingo za kifuko au mikunjo yake midogo huweza kuonekana au kuhisika, hasa upande wa chini na wa nje, na zaidi ikiwa kifuko kiliwekwa juu ya msuli. Ndiyo maana akaambiwa asipungue.

Kwako, kilichowekwa ni tishu hai. Sehemu yake hufyonzwa na mwili katika miezi ya mwanzo, na ile iliyopata mishipa ya damu hubaki kuwa mafuta ya kawaida. Mafuta hayo hubeba tabia ya mahali yalikotoka: seli zilizokuwa tumboni, zilizozoea kujaa unaponenepa, zitajaa hata zikiwa kifuani, na ukipungua zitasinyaa. Wapo wanawake ambao matiti yao yaliongezeka kwa kunenepa miaka kadhaa baada ya upasuaji, na wapo waliopoteza karibu yote waliyoyapata kwa sababu ya kukonda. Kwa hiyo ushauri uliopewa una msingi, ingawa neno «kabisa» ni kali mno kwa binadamu anayeishi. Kilo mbili tatu za kupanda na kushuka hazitakufuta. Jambo jingine ni kwamba matiti yanayokua kwa estrojeni huendelea kukua kwa miaka 2 hadi 3, hivyo aliyepasuliwa mapema ana mabadiliko mawili yanayotokea kwa pamoja, na si rahisi kujua lipi limefanya nini.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, nimefanya ulivyosema mbele ya kioo. Upande wa kulia umenyooka. Wa kushoto umenyooka pia, ila nikiugusa kuna kitu kigumu kidogo, karibu na kovu, ambacho kulia hakipo. Nilikuwa nikidhani ni unene.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hilo lipeleke kwa daktari wiki hii. Unene hauji upande mmoja tu, wala hauwi mgumu. Mara nyingi kitu kama hicho huwa ni mafuta yaliyokufa wakati wa upasuaji na kuacha kinundu kigumu, au uzi wa mshono uliofunikwa na kovu, au kipande cha tezi kilichoachwa, na vyote hivyo si vya hatari. Lakini kwa kuwa tezi kidogo hubaki kwa karibu kila aliyefanyiwa upasuaji huu, saratani ya matiti haiwezi kuondolewa kwenye orodha kwa kubashiri, hata kwa mwanamume aliye bapa kabisa. Picha ya mionzi ya matiti huwa ngumu kupigwa kwa sababu hakuna cha kutosha cha kubana kwenye mashine, kwa hiyo watakachokutangulizia yumkini ni altrasaundi, ambayo haina maumivu. Mweleze daktari ulifanyiwa upasuaji wa aina gani na lini, kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari, na kwamba uligundua ulipokuwa ukikagua kikunjo. Ukipenda kusindikizwa, niandikie faragha.